Kujifunza kuogelea ukubwani kwa ajili ya triathloni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilikulia Mwanza, ziwa likiwa mbele ya macho yangu kila siku, na nikafika miaka 36 bila kujua kuelea. Nilijifunza Dar es Salaam, baada ya miaka mingi ya kukimbia mbio ndefu, kwa sababu nilitaka kumaliza triathloni: kuogelea, baiskeli, kukimbia, bila kupumzika katikati. Siku hizi kila Jumamosi asubuhi nasimama kwenye maji ya kifuani nikiwasaidia watu wazima wenzangu. Maswali wanayoniletea ni yale yale niliyoona haya kuyauliza wakati wangu, kwa hiyo nayajibu hapa mara moja, kwa kirefu.

Nina miaka 44. Sijachelewa?

Hujachelewa. Bibi yangu alijifunza kusoma kwenye kisomo cha ngumbaro, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Alikuwa tayari ana watoto sita, na hakuna aliyemwambia kwamba herufi ni za watoto. Maji nayo ni vivyo hivyo.

Mtu mzima ana mambo mawili ambayo mtoto hana: anaelewa maelezo, na amekuja kwa hiari yake. Anachokosa ni wepesi wa moyo. Mtoto akimeza maji anakohoa, anacheka, anarudi. Mtu mzima akimeza maji anafikiria papo hapo watoto wake watalelewa na nani. Kwa hiyo masomo ya mtu mzima lazima yaanze na utulivu. Mwalimu anayekurusha mikono na miguu siku ya kwanza, kabla hujaweza kuweka uso majini bila kukaza shingo, hajui anafundisha nani.

Mfano ninaoupenda ni Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Alianza kuogelea miezi michache tu kabla ya Olimpiki ya Sydney ya 2000, akiwa na miaka 22, na mazoezi yake mengi aliyafanya kwenye bwawa dogo la hoteli. Bwawa la mita 50 alilikuta kwa mara ya kwanza huko huko Sydney. Wapinzani wake wawili waliondolewa kwa kuanza kabla ya ishara, akaogelea mita 100 peke yake kwa dakika 1 na sekunde 52.72, uwanja mzima umesimama ukimshangilia. Watu wengi wanakumbuka jinsi alivyochoka mita za mwisho. Mimi nakumbuka kwamba alimaliza, na kwamba baadaye alikuja kuwa kocha wa timu ya taifa lake.

Mimi nazama kama jiwe. Si kweli kwamba sisi watu weusi hatuelei?

Si kweli, na maneno haya yamewanyima watu wengi uhai. Anthony Nesty wa Suriname alishinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1988 katika mita 100 za mtindo wa kipepeo. Simone Manuel wa Marekani alishinda mita 100 za mtindo huru, ule wa kulala kifudifudi na kupokezana mikono, mwaka 2016. Maji hayaangalii rangi.

Kinachokuzamisha ni mambo mawili. La kwanza, unatoa hewa yote kwa woga, wakati mapafu yaliyojaa ndiyo boya lako. La pili, unainua kichwa. Kichwa ni kizito. Ukikitoa nje ya maji, kitu kingine lazima kishuke, na kinachoshuka ni nyonga na miguu. Jaribu hivi: kwenye maji ya kifuani, vuta pumzi nyingi, lala kifudifudi, uso uangalie chini kabisa, mikono mbele, usifanye lolote. Hesabu hadi kumi. Wengi watashangaa kwamba mgongo unabaki juu. Wapo wenye miguu inayoshuka taratibu, hasa wanaume wembamba wenye misuli, nami ni mmoja wao. Hiyo haimaanishi hatuelei. Inamaanisha tunaelea tukiwa tumeinama kidogo, na mwendo ukianza miguu inapanda yenyewe. Na baharini utaelea vizuri zaidi kuliko kwenye bwawa, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi.

Naogopa maji kweli kweli. Siyo wasiwasi wa kawaida. Nifanye nini?

Swali hili nalijibu kwa heshima kubwa kwa sababu lilikuwa langu.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Nilikuwa mtoto. Sikumbuki mengi ya siku yenyewe. Nakumbuka ukimya wa watu wazima, na nakumbuka mama akituambia kwamba kuanzia siku ile asisikie mtu amekanyaga ufukweni. Hakuwa na kosa. Lakini katazo lile lilitufanya tukue kando ya maji bila kujua hata namna ya kujigeuza chali. Nyumba nyingi za Mwanza, za Ukerewe, za Pemba na Unguja zina habari ya namna hii. Kwa hiyo ukiniambia unaogopa, sikuulizi kwa nini.

Ninachokuomba ni kwamba usipigane na hofu. Ipe kazi ndogo ndogo. Juma la kwanza kaa tu kwenye ngazi za bwawa, maji kiunoni, ukinawa uso. Kisha mdomo majini. Kisha mdomo na pua. Ukifika mahali mwili ukikataa, rudi hatua moja nyuma, kaa hapo mpaka uchoke kuogopa, ndipo usogee. Mimi nilitumia majuma matatu kabla ya kuweza kufumbua macho ndani ya maji nikiwa nimevaa miwani. Mama mmoja niliyemsaidia alitumia miezi miwili, na leo anaogelea kilomita nzima bila kusimama.

Na mwambie mwalimu wako kabla hujavua viatu. Sema: “Naogopa, naomba usiniguse bila kuniambia.” Mwalimu mzuri atafurahi kuambiwa. Akikuahidi kwamba hatakuachia, kisha akakuachia ili “ujikaze,” tafuta mwingine. Imani ikivunjika majini, kuijenga tena ni kazi ya miezi.

Siku ya kwanza tunaanza na nini hasa?

Kutoa pumzi. Ningeweza kufundisha jambo moja tu, ningefundisha hilo.

Ule msukumo wa kifua unaokuambia “vuta hewa sasa hivi” hausababishwi hasa na kuishiwa oksijeni. Unasababishwa na hewa chafu, kaboni dayoksaidi, inayojazana mwilini. Mgeni wa maji hufunga pumzi anapoingiza uso, anajaza hewa chafu, kisha anapotoa kichwa anataka kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja katika nusu sekunde. Haiwezekani. Anavuta nusu, anameza maji, anaamini hana pumzi. Kumbe pumzi anayo tele, ila imekwisha matumizi na hajaitoa.

Dawa yake: shika ukingo wa bwawa, vuta hewa kwa mdomo, ingiza uso, toa hewa polepole kwa pua mpaka viputo viishe, inua uso, vuta tena. Mara kumi. Pumzika. Mara kumi tena. Fanya hivyo mwanzo wa kila zoezi kwa mwezi mzima. Nyumbani tumia beseni. Mimi nilifanya kwenye beseni la kufulia kila usiku, na ndilo lililonifungulia njia.

Baada ya pumzi: kuelea kifudifudi, kuelea chali, kutoka kifudifudi kwenda chali bila kugusa chini, kusimama kutoka katika hali ya kuelea. Hilo la kusimama husahaulika, na watu wazima wengi hutapatapa kwenye maji ya kiunoni kwa sababu tu hawajui kuirudisha miguu chini. Vuta magoti kifuani, sukuma maji chini kwa viganja, kichwa kitainuka chenyewe, ndipo ukanyage.

Ukiweza haya, pamoja na kukaa wima kwenye kina kirefu kwa dakika mbili bila kushika kitu, ndipo uanze mtindo wowote.

Itanichukua muda gani?

Kwa anayekwenda majini mara tatu kwa juma na mwenye mwalimu wa kueleweka, miezi mitatu hadi minne inatosha kufika mita 400 bila kusimama. Miezi sita hadi minane kufika mita 750 baharini kwa utulivu. Mwenye hofu nzito aongeze. Anayekwenda mara moja kwa juma atakaa pale pale, maana kila Jumamosi anaanza upya. Heri dakika 30 mara tatu kuliko saa mbili mara moja.

Triathloni ina umbali gani? Nianze na ipi?

Ile fupi inayojulikana sana ni mita 750 za maji, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia. Ya Olimpiki, ambayo iliingia kwenye michezo hiyo Sydney mwaka 2000, ni mita 1,500, kilomita 40 na kilomita 10. Nusu ya Ironman, yaani nusu ya ile triathloni ndefu, ni kilomita 1.9, 90 na 21.1. Ironman kamili ni 3.8, 180 na marathoni nzima ya 42.2. Hiyo ilianza Hawaii mwaka 1978: watu 15 walianza, 12 wakamaliza.

Anza na fupi. Najua utakutana na mtu atakayekuambia nusu Ironman “ndiyo triathloni yenyewe.” Usimsikilize. Mita 750 kwa mtu aliyekuwa hawezi kuingiza pua majini ni safari kubwa kuliko kilomita 3.8 kwa aliyeogelea tangu utotoni.

Nakimbia kilomita 21 bila shida. Kwa nini mita 25 za bwawa zinanimaliza?

Wakimbiaji wote huuliza hili, na huuliza kwa uchungu. Mkimbiaji amezoea kwamba akitaka kwenda mbele anaongeza juhudi. Majini juhudi ikiongezwa kwenye mwili uliokaa vibaya inaishia kukulemaza. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800. Ukiburuta miguu iliyoshuka ni kama unakimbia umefungwa gunia la mahindi kiunoni. Ukiongeza nguvu, gunia haliondoki.

Halafu miguu yetu wakimbiaji ina vifundo vikavu. Muogeleaji ananyoosha unyayo nyuma kama mchezaji ngoma anayesimama kwa vidole; sisi unyayo wetu umesimama kama breki. Kuna wanaopiga miguu kwa nguvu zote na wanarudi nyuma, nimewaona. Nyoosha vifundo jioni ukiangalia taarifa ya habari: piga magoti, kalia visigino, dakika mbili, kila siku.

Na misuli mikubwa ya mapaja hula oksijeni nyingi sana. Kwenye triathloni miguu ina kazi mbili zinazoisubiri, kwa hiyo ndani ya maji ipige taratibu, kutoka nyongani, kiasi cha kuufanya mwili ukae sawa. Kazi ya kusonga waachie mikono na mgongo. Ingiza mkono mbele ya bega, usiuvushe katikati ya kichwa. Kunja kiwiko, vuta maji kuelekea nyuma kama unavyojivuta juu ya ukuta. Mwili uzunguke kidogo ubavu kwa ubavu, na pumzi ije na mzunguko huo: jicho moja juu, jicho moja majini. Usiinue uso kutazama mbele ili uvute hewa.

Cha mwisho: punguza mwendo. Kisha punguza tena. Wengi hufaulu siku ile wanapokubali kuogelea polepole kiasi cha kuona aibu.

Lazima niogelee mtindo huru? Mimi nimeshika ule wa chura.

Si lazima. Sheria za triathloni zinakuruhusu mtindo wowote. Unaruhusiwa kulala chali, kuelea, kusimama pale maji yanapokuwa mafupi, na kushika boya au mtumbwi wa waokoaji upumzike, mradi tu usisogee mbele kwa msaada wake. Waambie wenzako jambo hili, kwa sababu wengi wanadhani ukishika boya umeondolewa, basi wanajikaza mpaka wanafika pabaya.

Hata hivyo mtindo wa chura unachosha mapaja na magoti kabla ya baiskeli, na katikati ya kundi utampiga mwenzako teke la uso. Uwe nao kama akiba. Mimi bado nautumia ninapotaka kuona njia au kutuliza moyo.

Bwawa ni ghali. Naweza kujifunza baharini moja kwa moja?

Unaweza, ila si peke yako, na si kabla hujaielewa bahari. Dar es Salaam mabwawa mengi yako kwenye hoteli na shule za kulipia, na kiingilio cha mara tatu kwa juma kinaumiza. Ushauri wangu ni kuchanganya: lipia bwawa mwezi au miezi miwili ya mwanzo, kwenye maji yasiyosogea na yanayoonekana chini, kisha hamia ufukweni na kikundi. Ulizia mabwawa ya shule nyakati za likizo. Baadhi hukubali kundi la watu kumi wanaochangishana.

Baharini jambo la kwanza ni kujua kupwa na kujaa. Pwani yetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvu: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikifika karibu mita 4. Katikati ya hapo ni maji mafu, tofauti ndogo, mkondo mdogo. Mgeni aanze siku za maji mafu, saa moja hivi kabla ya maji kujaa kabisa. Hapo bahari inakusukuma kuelekea nchi kavu. Yakianza kutoka, hasa siku za bamvu, hupita kwa kasi kwenye milango ya miamba na kwenye midomo ya hori, na hakuna mkono wa binadamu unaoshindana nayo. Ukichukuliwa, usiogelee kuirudia pwani moja kwa moja. Lala chali, tulia, kisha kata kwa ubavu sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo.

Wavuvi wanajua haya kuliko programu yoyote ya simu. Nilipoanza, mzee mmoja wa ngalawa alikuwa ananiambia kila Ijumaa saa ya kuingia na saa ya kutoka, na hakukosea hata siku moja. Wasalimieni, waulizeni. “Shikamoo mzee, kesho maji yanajaa saa ngapi?” Ni darasa la bure.

Upepo nao: miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka mapema. Ingia saa kumi na mbili asubuhi na uwe umetoka saa mbili. Kaskazi ikipoa, Februari na Machi, kuna asubuhi ambazo bahari inalala kama kioo.

Chini, angalia unakokanyaga. Wale wanyama weusi wa mviringo wenye miiba mirefu, miiba yao huvunjikia unyayoni, na samaki aitwaye taa hujifukia mchangani; buruza miguu badala ya kuikanyagisha. Yavuyavu, wale viumbe laini wanaoelea ambao wengine huwaita konyeza, wakija huwasha lakini kwa kawaida hupoa ndani ya saa chache. Ukivimba uso au ukipata shida ya kupumua, nenda hospitali mara moja.

Sisi tuko kanda ya ziwa. Vipi kuhusu kichocho na mamba?

Mamba: uliza wenyeji, na wakisema hapafai, hapafai. Usibishane na mtu aliyezaliwa pale.

Kichocho kinatoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji yaliyotulia ya kando, yenye majani na matete, na vijidudu vyake hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Kwa hiyo usijifunzie kwenye matete. Ingilia kwenye mwamba, gati au mtumbwi, kwenye kina na maji yanayotembea. Hatari hupungua ila haiishi. Nenda ukapime majuma kadhaa baada ya kuingia, na rudia kupima kila baada ya miezi michache. Dawa yake ipo na inafanya kazi. Mimi nikienda nyumbani Mwanza huogelea, na nikirudi hupima.

Ninunue nini?

Miwani ya kuogelea isiyovuja, kofia ya rangi kali, boya dogo la kufunga kiunoni. Basi. Miwani ijaribu dukani: ibandike machoni bila mkanda, ikishika sekunde mbili inakufaa. Boya lile halikuzuii kuogelea, linaelea nyuma yako, boti inakuona, na ukichoka unalishika.

Suti nene za mpira unazoziona kwenye picha za Ulaya hazituhusu. Zimewekwa kwa ajili ya maji ya baridi. Mashindano ya Ironman kwa kawaida huruhusu kuzivaa maji yakiwa na joto lisilozidi nyuzi 24.5, na bahari ya kwetu iko kati ya nyuzi 25 na 30. Maana yake ni kwamba wewe huna suti ya kukusaidia kuelea. Unategemea mapafu yako na namna ulivyolala majini, na ndiyo maana nasisitiza yale ya siku ya kwanza.

Mimi navaa hijabu. Nitaweza kushiriki?

Ndiyo. Yapo mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima na kichwa, ya kitambaa chepesi kisichonyonya maji. Nungwi, Unguja, mradi wa Panje ulianza 2011 kuwafundisha wasichana na wanawake wakiwa wamevaa hivyo hivyo, na baadhi yao wakawa walimu. Usiogelee na kanga au dera la pamba. Likilowa linakuvuta chini na kukufunga miguu. Kwa mashindano, waandikie waandaaji mapema kuhusu vazi lako ili siku yenyewe usianze kujieleza ufukweni.

Wenye rasta na misuko mirefu: ziko kofia kubwa zilizotengenezwa kwa ajili yenu. Lowesha nywele kwa maji ya bomba na upake mafuta kabla ya kuingia bwawani, klorini itapenya kidogo.

Bwawani naweza, baharini napotea njia. Kwa nini?

Kwa sababu bwawani kuna mstari chini. Baharini kila mtu ana upande unaomvuta. Ukiogelea mita 900 mahali pa mita 750, umejiongezea kazi bure. Kila baada ya mikono sita au minane, inua macho tu, kama mamba, puani maji yakigusa. Ona, rudisha uso, ndipo ugeuke kuvuta hewa. Usiunganishe kuona na kupumua. Na usitafute boya, maana wimbi dogo linalificha. Kabla ya kuingia, chagua kitu kirefu kilicho nyuma ya boya: mnazi, mnara wa simu, ghorofa. Hicho kitaonekana daima.

Siku ya mashindano nikishikwa na hofu katikati ya maji?

Itakushika. Nakuambia mapema ili isikushtue. Watu 200 wanaingia pamoja, mmoja anakushika mguu, mwingine anakupiga kiwiko, maji yanapanda puani, moyo unakwenda mbio. Wengi hupatwa katika mita 100 za kwanza.

Kaa pembeni na nyuma. Acha kundi liondoke, hesabu hadi ishirini, ndipo uanze. Sekunde ishirini si kitu. Hofu ikija, geuka chali, tazama mbingu, toa pumzi ndefu kuliko unayovuta. Mara tano, mara kumi. Kisha chura mikono kadhaa, kisha rudi mtindo huru. Ikikataa kuondoka, nyosha mkono mmoja juu, waokoaji watakuja. Kushika mtumbwi si kushindwa.

Lakini tofautisha hofu na ugonjwa. Vifo vingi vinavyotokea kwenye triathloni hutokea sehemu ya kuogelea, na moyo una sehemu kubwa humo. Kifua kikibana, ukikohoa povu, ukisikia kizunguzungu, toka. Kama una zaidi ya miaka 40, au presha, kisukari, pumu, au moyo uliowahi kusumbua, onana na daktari kabla ya kuanza mazoezi. Mwenye kifafa asiingie majini bila ruhusa ya daktari na mtu wa pembeni yake.

Mwenzangu akizidiwa, nimrukie?

Hapana. Mfa maji haachi kutapatapa, na atakachokishika atakizamisha, hata akiwa ndugu yako. Mara nyingine hatatapatapa wala kupiga kelele: mdomo uko usawa wa maji, kichwa kimelala nyuma, mikono inasukuma chini pembeni. Ukimuuliza “Uko sawa?” na hajibu, ujue hayuko sawa.

Mrushie kitu kinachoelea. Dumu tupu la lita tano au ishirini, kifuniko kimefungwa, kamba imefungwa kwenye mpini: kikundi chetu hakiingii baharini bila hilo kukaa mchangani na mtu mmoja akililinda. Mrushie, mwambie alikumbatie, mvute. Ita watu. Na ndiyo maana hatuogelei peke yetu, hata tukiwa mabingwa, na hatuogelei tukiwa tumekunywa.

Nikishaweza, mashindano yako wapi?

Afrika Mashariki tukio kubwa limekuwa nusu Ironman ya Rubavu, Rwanda, iliyoanza 2022. Kuogelea ni kwenye Ziwa Kivu, jirani kabisa na Goma. Maji hayana chumvi na uko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,460, kwa hiyo mtu wa pwani afike siku chache kabla; pumzi atakayoikuta kule si ile ya Kigamboni. Ndugu zetu walioko Oman wamewahi kuwa na mbio za aina hiyo huko huko. Zaidi ya hapo kuna mashindano madogo ya klabu, mara nyingi mita 400 au 750 tu, na huko ndiko pa kuanzia. Uliza kwenye vikundi vya baiskeli vya mji wako, kwa kawaida wao ndio wanaojua.

Nikitoka majini kichwa kinazunguka na miguu haishiki. Ni kawaida?

Ni kawaida. Umelala kwa dakika 20 au 30, damu iko mikononi na mabegani, ghafla unasimama. Mita 50 za mwisho ongeza kupiga miguu ili damu ishuke. Usisimame mara maji yanapofika kiunoni. Endelea kuogelea mpaka viganja viguse mchanga, ndipo uinuke. Tembea hatua kumi kabla ya kukimbia. Vaa kofia ya baiskeli na ufunge mkanda wake kabla hujaigusa baiskeli, hiyo ni sheria na waamuzi wanaiangalia. Kunywa maji. Dakika tano za kwanza kanyaga gia nyepesi.

Na uweke taulo dogo karibu na viatu. Mchanga ukibaki kati ya vidole, utaujua kwenye kilomita ya tatu ya kukimbia.